Aliyetangulia ni Nani? Hataza za Mashine Pepe na Karatasi za Mafundi wa Zamani

Tarehe 28 Mei 2002, Ofisi ya Hataza ya Marekani iliipa kampuni ya VMware hataza namba 6,397,242. Wavumbuzi waliotajwa ni watatu: Scott Devine, Edouard Bugnion na Mendel Rosenblum. Kichwa chake kinazungumzia mfumo wenye msimamizi wa mashine pepe kwa kompyuta ambayo kumbukumbu yake hupangwa kwa segmenti, yaani vipande vyenye mipaka yake. Kwa fundi aliyekula chumvi nyingi katika vyumba vya kompyuta kubwa za IBM, kukisoma kichwa hicho kulikuwa sawa na kuambiwa kwamba njia anayoipita tangu ujana wake sasa ina mwenyewe.

Msimamizi wa mashine pepe ni programu inayokaa kati ya vifaa vya kompyuta na mifumo endeshi. Huifanya mashine moja ionekane kuwa kadhaa, na kila mfumo endeshi uliopandishwa juu yake hujiona uko peke yake, una prosesa yake, kumbukumbu yake na diski yake. Seva nyingi zinazokodishwa leo kwenye wingu ni mashine za namna hiyo. Benki, hospitali na ofisi za serikali zinategemea ufundi huu bila watu wake wengi kuujua kwa jina. Kwa hiyo anayeshika hataza juu yake ameshika kitu kikubwa.

Swali linaloulizwa kila mara kesi ya namna hii inapozuka ni moja: je, jambo hili lilikuwepo kabla? Naona swali hilo limeulizwa vibaya. Kwamba mashine pepe ni za zamani halina ubishi. Lakini hataza hailindi wazo zima. Hulinda yale tu yaliyoandikwa katika madai yake, neno kwa neno, na anayetaka kuivunja hana budi kuleta ushahidi kwamba maneno hayo yalikwisha kutimizwa na mwingine, au kwamba fundi wa kawaida angeyafikia bila jasho. Ushahidi huo kwa sehemu kubwa upo. Tatizo ni mahali ulipo, na namna sheria inavyouchagua.

Tuanzie Cambridge, Massachusetts. Mwaka 1964 IBM ilifungua huko kituo cha utafiti, jirani na chuo cha MIT, chini ya Norm Rasmussen. Mwishoni mwa mwaka huo Robert Creasy, akishirikiana na Les Comeau, alianza kubuni mfumo ulioitwa CP-40. Wakati ule kila mtu alikuwa anatafuta namna ya kuwagawia watu wengi kompyuta moja kwa wakati mmoja, na wengi walijenga mifumo endeshi mikubwa yenye kujua kila kitu. Kundi la Creasy lilikata shauri tofauti. Liligawa kazi mara mbili: programu moja ya chini ambayo kazi yake pekee ni kumpa kila mtumiaji nakala kamili ya mashine ya System/360, na juu yake mfumo mdogo, mwepesi, wa mtu mmoja, ulioitwa CMS. CP-40 ilianza kazi Januari 1967 kwenye mashine ya Model 40 iliyofanyiwa marekebisho, na iliweza kubeba mashine pepe 14, kila moja ikiwa na kilobaiti 256 za kumbukumbu.

Mwaka huohuo mrithi wake, CP-67, alifika katika maabara ya Lincoln ya MIT. Tarehe 2 Agosti 1972 IBM ikaitangaza VM/370 kuwa bidhaa rasmi. Katikati ya hapo lilitendeka jambo ambalo bado linanistaajabisha: CP-67 ilirekebishwa iweze kuigiza mashine ya System/370 yenye kumbukumbu pepe, wakati mashine yenyewe haijawa tayari kiwandani. Wahandisi waliandika na kujaribu mfumo wa mashine ambayo bado haipo, ndani ya mashine pepe, iliyokuwa ndani ya mashine pepe nyingine. Ili hilo liwezekane, msimamizi wa chini alitunza majedwali kivuli ya kurasa za kumbukumbu, yaani nakala zake mwenyewe za majedwali ya mgeni (mfumo endeshi uliopandishwa juu yake), zilizosahihishwa ili zielekeze kwenye kumbukumbu halisi. Mbinu hiyo ya majedwali kivuli itatuhusu tena muda si mrefu.

Jingine lililo muhimu kwa hoja yetu ni kwamba msimbo chanzo ulitolewa kwa wateja. Vyuo na makampuni viliufungua, vikaurekebisha, vikabadilishana marekebisho katika mikutano ya chama cha watumiaji kilichoitwa SHARE. Haya hayakuwa maarifa ya sirini.

Kisha likaja andiko lililoyapa maarifa haya mifupa. Julai 1974 Gerald Popek wa UCLA na Robert Goldberg wa Harvard na Honeywell walichapisha makala fupi katika jarida la chama cha wanakompyuta cha Marekani, ACM. Walitoa masharti matatu ya msimamizi wa kweli: programu iende vilevile kama ingekuwa kwenye mashine halisi, amri nyingi mno zitekelezwe na prosesa yenyewe bila kuingiliwa, na msimamizi asiachie udhibiti wa rasilimali. Wakathibitisha kwamba masharti hayo hutimia kwa urahisi iwapo kila amri nyeti ya prosesa, ile inayogusa udhibiti wa rasilimali au kutegemea hali ya prosesa, ni amri yenye mamlaka pia, yaani ikitekelezwa na asiye na mamlaka, prosesa hunasa na kumwita msimamizi. Na kwa prosesa zisizofikia kiwango hicho walieleza njia ya mseto: kila amri ya mgeni akiwa katika hali ya mamlaka ifasiriwe na programu, na akiwa katika hali ya kawaida aachwe atekeleze moja kwa moja. Msomaji aikumbuke njia hii ya mseto.

Goldberg mwenyewe hakuwa mgeni wa hataza. Tarehe 24 Februari 1981 alipata hataza namba 4,253,145, mali ya Honeywell, juu ya kifaa cha kuiwezesha mashine kubeba mashine pepe zilizopandana ngazi juu ya ngazi. Kwa sheria ya wakati ule hataza ilidumu miaka 17 tangu kutolewa, na hiyo ilikoma mwaka 1998. IBM nayo ilipata hataza mwaka 1984 juu ya kutafsiri anwani za kumbukumbu kwa ngazi zaidi ya moja ndani ya vifaa vyenyewe. Intel ilipoleta msaada wa mashine pepe ndani ya prosesa zake Novemba 2005, na AMD ikafuata mwaka 2006, watu walishangilia kana kwamba jambo jipya limezaliwa. Mashine za IBM zilikuwa na amri ya kumwingiza mgeni kwenye prosesa na kumtoa tangu miaka ya mwanzo ya 1980.

Hapa ndipo fundi wetu mkongwe anapopumua na kusema kesi imekwisha. Haijaisha, na sababu iko katika prosesa ya Intel ya miaka ya 1990.

Prosesa hiyo haikutimiza sharti la Popek na Goldberg. Agosti 2000 John Scott Robin na Cynthia Irvine walitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba amri 17 za Pentium ni nyeti lakini hazinasi. Ichukue moja tu, POPF. Kazi yake ni kuchukua thamani iliyo juu ya rundo na kuiweka katika rejista ya bendera za prosesa. Mojawapo ya bendera hizo huamua kama prosesa itasikiliza vikatizo kutoka kwenye saa, diski au kibodi. Kiini cha mfumo endeshi huizima na kuiwasha mara nyingi mno ili kisivurugwe katikati ya kazi isiyopaswa kukatizwa. Sasa kiondolee kiini hicho mamlaka, kama msimamizi anavyolazimika kufanya, kisha kiache kitekeleze POPF. Prosesa haikatai wala haitoi taarifa. Inabadilisha bendera nyingine, ile ya vikatizo inaiacha kama ilivyokuwa, na inaendelea na amri inayofuata. Kiini kinaamini kwamba kimezima vikatizo, na kumbe hakijazima kitu. Msimamizi, ambaye kazi yake yote imejengwa juu ya kunasa, hakuarifiwa.

Ndiyo maana kwa miaka mingi ilisemwa kwamba prosesa hizi haziwezi kubeba mashine pepe kamili. Kampuni ya Locus, iliyoanzishwa na Popek huyuhuyu, iliuza mfumo wa Merge ulioendesha DOS ndani ya Unix, lakini kwenye 80386 ulitegemea hali maalumu ambayo Intel yenyewe iliiweka ndani ya prosesa hiyo mwaka 1985 kwa ajili ya programu za zamani. Kuendesha Windows NT nzima, au Linux nzima, ilikuwa habari nyingine.

Kundi la Stanford lilikuja likitokea upande tofauti. Mwaka 1997 Bugnion, Devine na Rosenblum walieleza Disco, msimamizi wa mashine pepe kwa kompyuta kubwa zenye prosesa za MIPS. Mwaka uliofuata, pamoja na Diane Greene na Edward Wang, walianzisha VMware, na mwaka 1999 bidhaa yao ya kwanza ikaingia sokoni. Ombi la hataza liliwasilishwa tarehe 26 Oktoba 1998.

Hataza hiyo inaeleza msimamizi mwenye mifumo midogo mitatu. Mmoja humwacha mgeni atekeleze amri zake moja kwa moja kwenye prosesa. Wa pili huchukua msimbo wa mgeni na kuutafsiri, amri kwa amri, kuwa msimbo salama, kisha huhifadhi tafsiri hiyo ili itumike tena. Wa tatu huamua, kwa kila hali, ni njia ipi kati ya hizo mbili itumike. Uamuzi huo hutegemea majedwali kivuli ya vielezi vya segmenti (rekodi zinazoeleza kila segmenti iko wapi na inaishia wapi), ufuatiliaji wa segmenti zenyewe, na mbinu ya kuweka alama kwenye kurasa za kumbukumbu ili mgeni akiandika juu yake ajulikane.

Weka sasa kila kipande mbele ya yaliyotangulia. Utekelezaji wa moja kwa moja ulikuwepo Cambridge tangu 1967. Kutafsiri msimbo wa mashine na kuutunza kulikuwepo IBM katika mfumo wa Mimic wa Cathy May, mwaka 1987. Kulikuwepo katika Shade ya Robert Cmelik na David Keppel, iliyochapishwa mwaka 1994. Kulikuwepo katika Embra ya mwaka 1996, ambayo Rosenblum mwenyewe ni mmoja wa waandishi wake. Majedwali kivuli yalikuwepo katika CP-67, ingawa yalikuwa ya kurasa, si ya segmenti. Na kugawanya utekelezaji kati ya njia ya programu na njia ya prosesa, kwa kutazama hali ya mgeni, ni njia ya mseto ya Popek na Goldberg, yenye umri wa miaka 24 wakati ombi linawasilishwa.

Kinachobaki ni segmenti, na hicho si kidogo. Prosesa ya Intel inapopakia segmenti, husoma kielezi chake kutoka kwenye jedwali lililoko kwenye kumbukumbu na kuweka nakala ndani yake, mahali ambapo programu haiwezi kuisoma. Mfumo endeshi ukibadilisha jedwali baadaye, nakala ya ndani inabaki ya zamani. Msimamizi akimwondoa mgeni kwenye prosesa wakati huo, hawezi kumrudisha katika hali ileile, kwa kuwa chanzo cha nakala kimekwisha kubadilika. Hivyo ni lazima ajue ni wakati gani mgeni amefika katika hali isiyorudishika, na wakati huo amhamishie kwenye tafsiri. Katika kazi tangulizi nilizozitaja hakuna hata moja inayogusa tatizo hili, kwa sababu hakuna aliyekuwa amejaribu kuipandisha mifumo endeshi ya kawaida juu ya prosesa hii kwa kasi inayofaa. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ulipo uvumbuzi wa kweli, na ni uvumbuzi wa watu hodari. Mwaka 2009 ACM iliwapa tuzo yake ya mifumo ya programu, na waliistahili.

Lakini uhodari huo una mpaka. Dai likibaki kwenye segmenti na hali zisizorudishika, linasimama. Likipanuka hadi kugusa mchanganyiko wenyewe wa tafsiri na utekelezaji wa moja kwa moja, linasimama kwa mguu mmoja, kwa kuwa fundi aliyesoma makala ya 1974 na ile ya Shade alikuwa na vipande vyote mezani, na sababu ya kuviunganisha: kasi.

Na hapo sheria yenyewe inaingia, maana jibu la kama kuunganisha vipande viwili vya zamani ni uvumbuzi limebadilika ndani ya maisha ya hataza hiihii. Mwaka 2002 mahakama ya rufani ya Marekani inayosikiliza kesi za hataza ilishikilia kwamba anayepinga aonyeshe andiko, au ushahidi mwingine, uliomwelekeza fundi aunganishe. Tarehe 30 Aprili 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, Mahakama ya Juu iliulegeza msimamo huo: fundi si roboti, ilisema kwa maana, na akili ya kawaida ya kazi yake inahesabiwa. Hataza iliyopita salama chini ya kipimo cha kwanza ingeweza kuanguka chini ya cha pili bila neno lake hata moja kubadilika. Katika mjadala wa hataza za kompyuta, badiliko hilo lina uzito kuliko malalamiko yote juu ya nani alianza.

Uzito wa kuthibitisha nao hauko sawa kila mahali. Mbele ya mahakama, hataza huchukuliwa kuwa halali, na anayeipinga hutakiwa kuleta ushahidi ulio wazi na wa kushawishi. Mahakama ya Juu ililisisitiza hilo mwaka 2011 katika kesi ya Microsoft dhidi ya i4i. Ushahidi ambao mkaguzi wa Ofisi ya Hataza hakuuona unaweza kupewa uzito zaidi, ila kipimo hakishuki. Tangu Septemba 2012 upo pia mlango mwingine, mapitio mbele ya jopo la Ofisi ya Hataza yenyewe, ambako kipimo ni chepesi: inatosha mizani ielemee upande wako. Lakini mlango huo unaruhusu hataza za awali na machapisho peke yake. Mashine ya CP-67 iliyokuwa ikifanya kazi mwaka 1969, hata ungeiwasha upya mbele ya jopo, haitoshi kuwa msingi wa pingamizi. Mwongozo wake uliochapishwa unatosha.

Na si kila karatasi ni chapisho. Kesi mbili za miaka ya 1980 zinafaa kusomwa kwa pamoja. Mwaka 1986, katika shauri la Hall, nakala ya tasnifu moja iliyokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, ilihesabiwa kuwa imechapishwa, kwa sababu iliingizwa kwenye faharasa ya maktaba na yeyote angeweza kuiomba. Mwaka 1989, katika shauri la Cronyn, tasnifu tatu za wanafunzi wa Reed College zilikataliwa. Zilikuwepo maktabani na mtu angeweza kuzisoma, lakini zilikuwa zimeorodheshwa kwenye kadi kwa jina la mwanafunzi na kichwa, si kwa somo, na kadi nyingine zilikuwa katika boksi la viatu. Mahakama iliona kwamba mtu anayetafuta jambo hana namna ya kulifikia kwa jina la mwanafunzi asiyemjua. Tasnifu ya Goldberg, iliyotolewa mwaka 1973 pia kama ripoti ya Jeshi la Anga la Marekani, inavuka kipimo hicho bila shida. Daftari la fundi wa zamu halivuki.

Kwa nini wakaguzi hawakuwa na haya yote mkononi? Si uvivu. Mkaguzi hupewa kwa kila ombi saa chache, kwa wastani chini ya wiki moja ya kazi, na mahali pa kwanza anapotafuta ni katika hataza zilizotangulia. Ila kizazi kilichobuni mashine pepe hakikuandika hataza za programu, kwa kuwa hazikuwa zikitolewa kwa wepesi. Mwaka 1966 tume ya rais wa Marekani ilipendekeza programu zisipewe hataza kabisa. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ilikataa dai la Benson juu ya njia ya kubadilisha namba, na ni mwaka 1981 tu, katika kesi ya Diehr, ndipo mlango ulipoanza kufunguka. Kwa hiyo miaka ileile 15 yenye utajiri mkubwa wa mawazo ndiyo miaka yenye hataza chache. Anayetafuta katika hataza peke yake anakuta uwanja mtupu na kudhani hakuna aliyewahi kupita.

IBM iliielewa hatari hiyo mapema kuliko wengi. Kuanzia 1958 hadi 1998 ilichapisha jarida la ufichuzi wa kiufundi, lenye maelfu ya maelezo mafupi ya mbinu ambazo haikutaka kuzilipia hataza lakini haikutaka mwingine azihodhi. Ukishalichapisha jambo, si la mtu tena. Ni njia ya bei nafuu, na bado nashangaa jinsi makampuni na vyuo vichache vinavyoitumia kwa bidii.

Mgogoro mkali zaidi, hata hivyo, sasa hauko kwenye hataza za msingi. Ile ya 2002 imekwisha muda wake, kwa kuwa ombi lililowasilishwa 1998 haliwezi kulindwa zaidi ya miaka 20. Vita imehamia kwenye yale yanayofanywa na mashine pepe: kuihamisha ikiwa inafanya kazi, kuipiga picha na kuirudisha, kuipangia seva ya kukaa. Humo fedha ni nyingi. Januari 2020 jopo la raia katika mahakama ya Delaware liliiamuru VMware ilipe zaidi ya dola milioni 230 kwa kampuni ya Cirba, juu ya mbinu za kupanga mashine pepe kwenye seva. Jaji aliutengua uamuzi huo mwishoni mwa mwaka, kesi ikasikilizwa upya, na mwaka 2023 jopo jingine likasema dola milioni 84.5. Kampuni iliyoanza ikiwa mwenye hataza ikajikuta kizimbani kwa hataza ya mwingine.

Na humo humo ndimo kazi tangulizi zilimo kwa wingi, tena zimesahaulika. Tazama kuhamisha mashine pepe huku inafanya kazi. Mbinu inayojulikana zaidi ni kunakili kurasa za kumbukumbu wakati mashine inaendelea, kisha kunakili tena zilizobadilika, na tena, hadi kubaki chache za kumalizia kwa kusimama kidogo. Watu huihusisha na makala za mwaka 2005 za kundi la Xen, msimamizi mwenye msimbo wazi, na la VMware. Lakini mwaka 1985 Marvin Theimer, Keith Lantz na David Cheriton waliieleza katika mfumo wa V huko Stanford, kwa kuhamisha programu badala ya mashine pepe nzima. Je, kutoka programu hadi mashine pepe ni hatua ya uvumbuzi au ni hatua ya fundi wa kawaida? Mimi naona ni ya fundi wa kawaida, ila naelewa kwa nini wakili atapigania upande wa pili: mashine pepe ina diski na mtandao wake, na hivyo navyo lazima vihame.

Au tazama mgeni anayejua kwamba yuko ndani ya mashine pepe na kushirikiana na msimamizi. Mradi wa Denali mwaka 2002 na Xen mwaka 2003 viliifanya njia hiyo ijulikane. CMS ilikuwa ikifanya hivyo tangu enzi za CP-67: ilitumia amri ya DIAGNOSE, ambayo kwenye mashine halisi ina kazi nyingine, kumwomba msimamizi aisomee diski bila mzunguko mrefu wa kuigiza kifaa. Na katika VM/370 mwendeshaji aliweza kuandika SAVESYS na kuhifadhi sura ya kumbukumbu ya mfumo uliokwisha kuamka, ili mashine pepe nyingine zianze kutokea hapo moja kwa moja. Anayeijua amri hiyo, akisoma hataza yenye madai mapana juu ya kuhifadhi mashine pepe na kuianzisha upya, anajua mara moja aende kwenye mwongozo gani. Asiyeijua, hata kama ni mkaguzi makini, hana pa kuanzia.

Wapo wanaosema hataza zilisaidia, kwa sababu zililazimisha siri ziandikwe. Katika hataza ya 2002 hoja hiyo ina ukweli: maelezo yake ni marefu na ya kina, na ilichukua hadi mwaka 2012 kabla Bugnion na wenzake hawajachapisha katika jarida historia kamili ya jinsi bidhaa ya kwanza ilivyofanya kazi. Bila hataza, tungekaa miaka kumi bila maelezo hayo. Nakubali. Lakini Xen ilitoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ikiwa na msimbo wake wazi tangu 2003, na msimamizi mwingine, KVM, akaingia ndani ya Linux mwaka 2007. Kwa mifumo hiyo ufichuzi ulifanyika bila kumpa mtu haki ya kuwazuia wengine kwa miaka 20, na kila badiliko lina tarehe.

Pengo linalonitia wasiwasi liko kati ya enzi ambapo IBM iliwapa wateja msimbo chanzo na enzi hii ya msimbo wazi. Mwaka 1983 IBM ilitangaza kwamba programu zake zitatolewa bila msimbo chanzo, na ingawa utekelezaji ulikuwa wa polepole, jamii ya VM iliupinga kwa nguvu zake zote. Mambo yaliyobuniwa kabla ya hapo yamo kwenye maandishi ambayo maelfu waliyasoma. Yaliyobuniwa kati ya 1983 na mwisho wa miaka ya 1990 katika kompyuta kubwa, wakati ambapo kugawa mashine, kuzipa vipaumbele na kuzisimamia kwa mamia kulikuwa kazi ya kila siku, yamebaki kwa sehemu kubwa katika miongozo ya wateja, mada za mikutano ya SHARE, na marekebisho yaliyoandikwa na vyuo kwa matumizi yao. Melinda Varian wa Chuo Kikuu cha Princeton aliandika historia ya jamii hiyo kwa uangalifu mkubwa, na hifadhi ya Bitsavers imeskani miongozo mingi ya enzi hizo. Kwa jopo la Ofisi ya Hataza, hata hivyo, tarehe iliyopigwa chapa kwenye jalada mara nyingi haimalizi ubishi. Anayeleta mwongozo huulizwa ulimfikia nani, lini, na kama aliyeupokea aliruhusiwa kuuonyesha kwa wengine. Ndiyo maana katika kesi hizi utakuta viapo vya wakutubi wakieleza muhuri wa maktaba na siku kitabu kilipowekwa kwenye rafu. Watu wanaoweza kujibu maswali hayo juu ya miaka ya 1980 wengi wao wamestaafu, na maandishi yao mengi bado hayajaingizwa kwenye faharasa yoyote kwa somo.